Mabovu tuliyochambua yasirudi chunguni

Ndugu Mhariri,

Mahindi yameanza kuingia nyumbani. Huku Dodoma, na kwa jirani zetu wa Singida na Manyara, wiki chache zijazo kila ua utakuwa na turubai, na jioni akina mama watakaa mkekani kuchambua. Ushauri wa kuchambua umefika vijijini na umeeleweka; hata mtoto wa darasa la tatu atakuonyesha punje iliyoota ukungu. Tunakuomba nafasi tuseme juu ya kinachofuata. Yale mabovu yakishatengwa, yanakwenda wapi?

Mengi yanakwenda kwenye pombe, kwa kuku na kwa ng'ombe. Mengine yanapelekwa mashineni kuchanganywa na mazuri, au yanauzwa sokoni kwa jina la "mahindi ya kuku", bei yake ya chini kiasi kwamba mwenye shida hawezi kuyapita. Kwa njia hizo sumukuvu, yaani sumu inayoachwa na ukungu kwenye nafaka, tuliyoiondoa chunguni inarudi nyumbani ikiwa maziwa, pombe ya komoni au uji wa mtoto wa jirani.

Madhara yake yamekwishaonekana hapa kwetu. Mwaka 2016 watu wa mikoa ya Dodoma na Manyara walifikishwa vituo vya afya wakitapika, matumbo yamejaa, macho yamegeuka njano. Walioorodheshwa walikuwa 68, na 20 kati yao walifariki. Chanzo kilikuwa mahindi yenye sumukuvu. Miaka 12 kabla ya hapo, mwaka 2004, Kenya ilipata msiba mkubwa zaidi katika maeneo ya Makueni na Kitui: wagonjwa 317, vifo 125. Huko mahindi yalikuwa ya wakulima wenyewe, yaliyowekwa ndani ya nyumba yakiwa bado na unyevu.

Inafaa kutenganisha ukungu na sumu, maana watu wengi wanavichanganya na ndipo makosa yanapoanzia. Kuvu, yaani huo ukungu, inaishi udongoni na kwenye mabua ya msimu uliopita, na ikipata punje yenye unyevu inaota rangi ya kijani inayoelekea njano. Inapoota inatoa sumu inayoitwa aflatoksini. Ukungu unaweza kufutwa, kupepetwa, kuoshwa au kufa juani, na sumu ikabaki ndani ya punje kama ilivyokuwa. Moto wa jikoni hauiwezi. Maji yanachemka kwenye nyuzi 100, lakini aflatoksini kavu haianzi kuvunjika mpaka joto lipite nyuzi 230 hivi. Kwa hiyo ugali uliosongwa ukaiva, makande yaliyokaa motoni mchana kutwa na maziwa yaliyochemshwa mpaka yakafurika vinabaki na sumu yake. Kukaanga karanga kunapunguza kiasi fulani tu.

Kiwango kinachokubalika Afrika Mashariki ni mikrogramu 10 za aflatoksini zote kwa kilo moja ya mahindi, na aina ya B1, iliyo kali kuliko zote, isizidi 5. Kwa lugha ya ghalani, gramu moja ya sumu hii, isiyojaza hata kijiko cha chai, inatosha kufikisha kwenye ukomo huo magunia 1,000 ya kilo mia mia. Na sumu haikai sawasawa kwenye gunia, inajikusanya kwenye punje chache. Imewahi kupimwa punje ya hindi yenye mikrogramu 400,000 kwa kilo. Punje ina uzito wa kama theluthi moja ya gramu. Punje moja ya namna hiyo ikisagwa ndani ya kilo 10 za mahindi safi kabisa, unga wote umevuka kiwango. Kwa sababu hiyo ile desturi ya kuchanganya "kidogo mabovu na mengi mazuri" haipunguzi hatari, inaisambaza. Na kwa sababu hiyo hiyo kuchukua konzi moja ya juu ya gunia na kuipeleka kupimwa kunaweza kutoa jibu la uongo.

Kazi ya kupunguza mabovu inaanzia shambani. Kuvu inaingia kwenye hindi kupitia ndevu, wakati mmea unachanua, hasa ukikutwa na ukame na joto kali. Inaingia pia kwenye matundu ya viwavi na pale ndege walipodonoa. Mwaka wa mvua haba ndio mwaka wa sumu nyingi, na ndio mwaka ambao watu hawana cha kutupa. Ugumu huo tunaujua, na tutaurudia chini. Kwa wanaofikiria msimu ujao, Aflasafe iliyosajiliwa nchini mwaka 2018 inatupwa shambani kilo 4 kwa ekari, wiki mbili hadi tatu kabla ya mahindi kuchanua, udongo ukiwa na unyevu. Ni mtama uliopakwa kuvu isiyotoa sumu, nayo inawahi nafasi kabla ya ile mbaya. Fungieni kuku siku hizo, maana wakiiokota kazi imepotea.

Hindi likikomaa linaonyesha doa jeusi kwenye kitako cha punje, pale ilipokuwa imeshikana na gunzi. Likishaonekana, vuneni na kuanika. Msingoje mahindi yakaukie shambani mpaka yaanguke, na msiyalundike ardhini. Lundo la magunzi lililolala juu ya udongo siku tatu linapata joto katikati, na joto pamoja na unyevu ndiyo malezi ya kuvu.

Wakati wa kumenya ndio wakati rahisi kuliko wote wa kuchambua, kwa sababu unashika hindi zima, punje mia kadhaa kwa mara moja. Tengeni yaliyoanguka chini, yaliyotobolewa, yaliyodonolewa na yenye ukungu. Ukikuta ukungu kwenye ncha, usikate ncha ukabakiza kipande kilichobaki: kuvu imeshatembea ndani ya gunzi kabla haijaonekana nje. Hindi lote liende kwenye mabovu. Baada ya hapo pukuchueni kwa mkono au kwa mashine iliyorekebishwa vizuri. Kujaza mahindi kwenye gunia na kulipiga kwa fimbo kunapasua punje, na punje iliyopasuka ni mlango ulio wazi. Baada ya kupura, pepeteni na kuondoa chenga zote. Ondoeni pia punje zilizosinyaa, zilizobadilika rangi na zilizo nyepesi hata kama hazina ukungu. Sumu nyingi imejificha humo.

Kuanika kunataka turubai au kichanja, si ardhi tupu. Tandazeni kina cha vidole viwili, sentimita tatu au nne, na kugeuza kila baada ya nusu saa mpaka saa moja. Yakiwa mazito zaidi ya hapo, ya juu yanakauka na kugonga kama changarawe, ya chini yanabaki na jasho. Saa 11 jioni, kabla umande haujaanza, yakusanyeni, yaacheni yapoe nusu saa, ndipo mfunike. Anayefunika mahindi yakiwa bado ya moto anakuta maji yametona chini ya turubai asubuhi, na amerudisha unyevu alioutoa mchana kutwa. Kosa hilo hilo linafanyika kwenye magunia: kufunga yakiwa na joto la jua.

Yamekauka au bado? Kung'ata punje kwa jino ni kipimo cha wazee, na kwa mtu aliyezoea kinasaidia, lakini chumvi ni bora. Tafuta chupa ya kioo yenye kifuniko, ya mililita 750, uioshe na kuiacha juani mpaka ikauke kabisa ndani. Chumvi uikaushe kwanza kwenye kikaango na kuiacha ipoe. Ya mawe itwangwe. Chukua mahindi kutoka sehemu tofauti za turubai, pamoja na yale ya chini na ya katikati, ujaze theluthi ya chupa. Ongeza vijiko vitatu vya chakula vya chumvi, funga, tikisa kwa nguvu dakika moja, kisha iache imesimama dakika 15. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, mahindi yana unyevu zaidi ya asilimia 15; rudisha juani. Ikishuka yote chini, unyevu uko chini ya 15.

Hapo wengi wanaishia, nasi tunaomba wasiishie. Mahindi ya kuweka yanatakiwa yawe na unyevu usiozidi asilimia 13.5, na chumvi haiwezi kukuambia tofauti kati ya 14.5 na 13. Kwa hiyo chupa ikishatoa jibu zuri, ongeza siku moja nzima ya jua kali, au mbili kama kuna mawingu. Maafisa ugani wenye kipimo cha unyevu wanaweza kuthibitisha; mkulima aombe.

Juu ya kuweka tutasema machache. Mifuko isiyopitisha hewa, ambayo baadhi ya wakulima wanaiita kinga njaa, ina mifuko miwili ya nailoni ndani ya kiroba. Kila nailoni ipulizwe kwanza kutafuta tundu, mahindi yajazwe, hewa ikandamizwe itoke, kisha kila mfuko usokotwe, ukunjwe na kufungwa peke yake. Hewa ikiisha ndani, dumuzi anakufa na kuvu inasimama. Lakini mfuko hauondoi sumu iliyoingia na mahindi, na ukiweka mahindi mabichi humo utakuta yameoza. Magunia yote yakae juu ya mbao au vichanja, nusu mita kutoka ukutani.

Dawa za unga za kuhifadhi nafaka zinaua wadudu, haziui sumukuvu. Na kuna jambo la hatari ya siku hiyo hiyo: vidonge vya kufukiza. Kidonge kimoja cha gramu 3 kikipata unyevu wa hewa kinatoa gramu moja ya gesi ya fosfini, na gesi hiyo inaua mtu kama inavyoua panya. Haina dawa ya kuitangua. Inapita chini ya mlango na kwenye nyufa za ukuta wa matofali mabichi. Familia inayolala chumba kimoja na magunia, au chumba cha jirani yake, isitumie vidonge hivyo kabisa, hata kimoja, hata kikiwa kimefungwa kwenye kitambaa. Mwenye mahindi makavu na mfuko usiopitisha hewa hana haja navyo.

Sasa turudi kwenye debe la mabovu.

Mpika pombe analipenda kwa sababu ni rahisi kulipata, na kwa sababu inaaminika kwamba pombe "inaua kila kitu". Haiui. Kuchacha hakuondoi aflatoksini kwa kiwango cha kutegemewa, wala kuchemsha. Zaidi ya hapo, kimea chenyewe kinatengenezwa kwa kulowesha nafaka na kuifunika siku kadhaa, mazingira yale yale kuvu inayoyataka. Ukianza na punje mbovu unaiongezea. Anayekunywa analeta ini ambalo pengine limeshachoshwa na pombe, na pengine lina virusi vya homa ya ini aina ya B. Kwa mtu mwenye virusi hivyo, nguvu ya aflatoksini ya kuleta saratani ya ini inakadiriwa kuzidi mara 30 hivi. Wapika pombe wetu ni watu wanaosomesha watoto kwa kazi hiyo, hatuwaombi waache. Tunawaomba wachague nafaka ya kimea kama wanayochagua kwa ugali wa nyumbani kwao, na kukausha kimea siku ile kinapotolewa. Na wazazi wahakikishe watoto wanapata chanjo zao za wiki ya 6, ya 10 na ya 14, kwa kuwa ndani yake imo kinga ya homa ya ini B.

Kuku. Sumu hii ilijulikana duniani kwa sababu ya ndege: mwaka 1960 huko Uingereza bata mzinga zaidi ya 100,000 walikufa baada ya kulishwa mashudu ya karanga yaliyotoka Brazil, na uchunguzi wa vifo hivyo ndio uliofichua aflatoksini. Bata wa kawaida ni dhaifu zaidi ya kuku, na vifaranga ni dhaifu kuliko wakubwa. Mfugaji haoni kuku wakianguka mara moja. Anaona mayai yamepungua, vifaranga hawakui, na chanjo ya mdondo haishiki, kwa sababu sumu inadhoofisha kinga ya mwili. Halafu analaumu chanjo. Mahindi ya debe moja yaliyookolewa kwa njia hii yamemgharimu banda zima.

Ng'ombe wa maziwa anahitaji kutajwa peke yake. Akila pumba au mahindi yenye B1, sehemu ya sumu inageuzwa mwilini na kutoka kwenye maziwa ikiitwa M1. Inaonekana ndani ya siku moja. Kiwango kinachokubalika kwenye maziwa ni nusu mikrogramu kwa kilo, kidogo mara 20 kuliko cha mahindi, kwa sababu wanywaji wakuu ni watoto. Kuchemsha hakusaidii wala kugandisha mtindi. Kilichopo ni kumbadilishia chakula, na maziwa yake yasipewe watoto kwa siku nne au tano baada ya kubadilisha. Hali kadhalika kwa mbuzi wa maziwa.

Kwenye mashine za kukoboa na kusaga kuna mambo mawili. La kwanza ni kwamba sumu imejaa zaidi kwenye ganda na kiini cha punje. Ndiyo sababu sembe huwa na sumu kidogo kuliko dona iliyotoka kwenye gunia hilo hilo, na ndiyo sababu pumba ni sumu iliyokusanywa. Hatusemi watu waache dona. Dona ina lishe ambayo sembe imeipoteza, na mahindi yakiwa safi ndiyo bora. Lakini mahindi yenye mashaka yasisagwe dona. Yachambuliwe, kisha yaeleshwe: jaza theluthi ya beseni, mimina maji yapande shubiri moja juu ya mahindi, koroga kwa mkono, ondoa yote yanayoelea, rudia mpaka yasiwepo yanayoelea. Ndipo yakobolewe, yaanikwe siku ile ile na kusagwa. Msieleshe gunia zima ili kuliweka. Hiyo ni kazi ya mahindi ya kupika tu. Na pumba ya mahindi hayo isibaki mashineni kuuzwa kwa wafugaji. La pili, anayesaga baada ya mwenye mahindi mabovu anapokea masalia yake kwenye kinu. Wenye mashine wafagie mdomo na mfuko wa kinu kati ya wateja.

Mabovu basi yaende shimoni. Chimba mita moja, mbali na kisima au mto angalau mita 30, mahali ambapo maji ya mvua hayapiti. Ikiwezekana yachomwe kwanza kwa magunzi makavu mpaka yawe majivu, watu wakikaa upande ambao moshi hauendi. Isipowezekana, yamwagiwe majivu mengi na kufukiwa kwa udongo usiopungua nusu mita juu yake, ili kuku, mbwa na watoto wasiyafukue. Yasifanywe mbolea ya shamba la mahindi wala la karanga. Anayefanya kazi hiyo, na hata anayepepeta, ajifunge kitambaa puani na mdomoni, anawe akimaliza. Shimo moja kwa kitongoji, linalosimamiwa na mwenyekiti, linafaa kuliko kila nyumba kuchimba la kwake na kulifunika nusu.

Karanga zinachukua sumu hii kwa urahisi kuliko hata mahindi, na kosa kubwa ni moja: kunyunyizia maji ili maganda yalainike na kubanguliwa haraka. Siku mbili za unyevu huo zinatosha kuharibu kazi ya msimu. Zikaushwe zikiwa na maganda yake, mashina yakiwa yamegeuzwa ili karanga zielekee juu, mpaka zikitikiswa zinalia ndani. Zibanguliwe kavu. Zilizosinyaa, nyeusi, zilizochipua na zile zenye uchungu mdomoni zitupwe. Mtu akiuma karanga ikawa chungu, aiteme, asiimeze kwa aibu ya kutema mbele za watu. Karanga za kutia kwenye mboga zinunuliwe nzima na kusagwa nyumbani, maana zilizokwisha sagwa haziwezi kukaguliwa tena.

Hilo linatuleta kwenye uji wa watoto. Unga wa "lishe" wenye mahindi, ulezi, mchele, soya na karanga unaonekana kama zawadi kwa mtoto, lakini kila kinachoongezwa ni mlango mwingine, na kikishasagwa pamoja hakuna jicho litakalojua kibovu ni kipi. Mtoto wa kilo 9 anayekunywa uji mara tatu kwa siku anapata sumu nyingi kwa uzito wake kuliko baba yake, na watoto wanaokula sumukuvu mara kwa mara huonekana wakidumaa. Miezi sita ya kwanza ni maziwa ya mama tu, na mama aendelee kunyonyesha hata akisikia kwamba sumu inaweza kupita kwenye maziwa yake. Dawa ni yeye kula chakula kilichochambuliwa. Baada ya miezi sita, nafaka moja inatosha kwa uji, iliyonunuliwa nzima, ikachambuliwa punje kwa punje, ikasagwa ya kutosha wiki mbili tu. Lishe iongezwe kwa yai, maziwa safi, maharage, mboga za majani na matunda. Tukilazimika kuchagua mahindi ya nani yachambuliwe kwa uangalifu zaidi nyumbani, ni ya mtoto huyu.

Dalili za sumu nyingi kwa mara moja ni kutapika, maumivu ya tumbo, kukosa hamu ya kula, mkojo mweusi kama chai ya rangi, macho kuwa ya njano, tumbo na miguu kuvimba. Watu wawili au watatu wa nyumba moja wakiugua hivyo kwa pamoja, au mbwa wa nyumba hiyo akifa kabla yao, msidhani ni kurogwa. Wote waache chakula hicho saa ile ile, hata wasioumwa, na waende kituo cha afya. Wasinywe dawa za kienyeji za ini wala kumeza panadoli hovyo, kwa sababu ini lililoumia ndilo linalotakiwa kuzibeba. Hakuna dawa maalumu ya kuondoa sumu hii mwilini. Hospitali inalitunza ini na maji ya mwili, na kuwahi ndiko kunakosaidia. Mahindi yaliyoliwa yasimwagwe yote: kilo mbili zilizochotwa juu, katikati na chini ya gunia ziwekwe kwenye mfuko wa karatasi au kitambaa, si nailoni, na kupelekwa kwa afisa afya pamoja na taarifa ya yalikotoka.

Tunarudi kwenye ugumu tulioutaja. Mwenye magunia matatu ambayo moja ni bovu, na watoto sita, hatalifukia kwa sababu tumemwambia. Atalitafutia mtu wa kulinunua. Mwaka 2004 serikali ya Kenya iligawa chakula mbadala katika maeneo yaliyoathirika, na huo ndio mpango tunaouomba kwa halmashauri zetu kabla ya msiba, si baada yake: kaya ikikabidhi mahindi mabovu kwenye shimo la kitongoji, yakapimwa kwa mizani mbele ya mtendaji, ipewe sehemu yake kwa mahindi safi kutoka akiba ya chakula. Mahindi yanayokabidhiwa hivyo ni machache ukilinganisha na yale yanayogawiwa wakati wa njaa. Tunaomba pia madiwani wapitishe sheria ndogo inayokataza kuuza nafaka yenye ukungu kwa jina lolote, "ya kuku" ikiwemo, na wenye mashine wakatazwe kuuza pumba ya mahindi yaliyokataliwa.

Kwako Mhariri, ombi letu ni kwamba kila wiki unapochapisha bei za mazao katika kipindi hiki cha mavuno, uweke pembeni yake mistari mitano ya kipimo cha chumvi. Mkulima anayefungua ukurasa huo kutafuta bei ya gunia ndiye mwenye mahindi juani saa hiyo.

Maafisa afya, lishe na ugani wa kata,
Mkoa wa Dodoma